Tarehe Aliyoweza Kuipapasa Kukhu

Harufu ya gundi ya mbao ikinijia popote, hunirudisha kwenye Jumapili moja ya mwisho wa Mei, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika chumba chetu cha Kibera, upande wa Makina. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa hatua mbili tu nje ya mlango, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Mvua ikinyesha, kama ilivyonyesha siku hiyo, kazi yote iliingia ndani: randa, misumari kwenye mkebe wa maziwa ya unga, miguu ya viti isiyo na viti, na kopo la gundi lililowekwa karibu na jiko lisigande. Juu ya meza ambayo ilikuwa bado haijapigwa msasa, mama aliniwekea karatasi ya mistari na kalamu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, barua zote za kwenda kwetu Bungoma niliziandika mimi. Hiyo moja ilituchukua alasiri nzima kwa sababu ya mstari mmoja: tarehe.

Tulikuwa tumeshaumwa na tarehe. Kukhu, mama yake baba, alikuwa amepoteza jicho moja, na lililobaki lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni. Baba alimtafutia nafasi kwa madaktari wa macho waliokuwa wakija Nairobi kwa wiki moja moja. Mwezi Machi niliandika, kwa maneno yake baba, kwamba Kukhu afike 4/5, yaani tarehe nne Mei. Kule nyumbani barua ilisomwa na binamu ya baba, aliyekuwa ametunza stoo ya wageni wa misheni kwa miaka mingi, na wageni wale walitanguliza mwezi kila walipoandika tarehe. Akasoma tarehe tano Aprili, bila kusita. Basi asubuhi ya tarehe tano Aprili Kukhu alishuka kwenye stendi ya Machakos, hapo Nairobi, na kuku mmoja kapuni, akakaa juu ya begi lake akisubiri mwanawe. Alisubiri hadi saa tisa alasiri, mvua ikimnyeshea, hata mama mmoja muuza chai, aliyesikia lugha yake, akamkalisha chini ya turubai na kumtafutia mtu wa kumleta Kibera. Alipoingia kwetu, matope yakiwa yamempanda hadi magotini, hakugomba. Alisema tu, "Nilidhani mmehama." Sijawahi kumwona baba akiinamisha kichwa namna ile. Siku ya tatu Kukhu alirudi kwao kupalilia mahindi, na ile Mei ilipofika alikataa kupanda basi. Baba aliomba nafasi nyingine. Akapewa ya Julai, na kuambiwa kwamba hiyo ikipita, hakuna aliyejua madaktari wangerudi lini.

Ndiyo maana Jumapili ile baba aliita watu. Baba mdogo Wanyama alitembea kutoka Gatina, Kawangware, alikokuwa amepanga chumba. Alikuwa mpishi kwa wageni, na alivaa saa mkononi hata ilipokuwa imesimama. Mzee Okoth, jirani wa mlango wa pili, alikuwa karani wa stoo aliyestaafu, na alikuja na kalamu yake mfukoni, kana kwamba ya kwetu isingetosha. Bi Zaituni, mwenye nyumba yetu, mtu wa Makina tangu kuzaliwa, alipita kuangalia paa linalovuja akaishia kuketi.

Baba alisema: Kukhu afike Jumatatu, tarehe sita Julai. Mzee Okoth akaniamuru, "Andika sita, mkwaju, saba. Siku kwanza. Ukiamka asubuhi, kitu gani kimebadilika? Siku! Basi hiyo ndiyo inatangulia."

"Zii, mzee, hapo umenoa," baba mdogo alimkatiza. "Mgeni akikutafuta, unamwambia kwanza ni Kibera, ndio umwambie ni mlango gani. Ukianza na mlango si atagonga milango yote ya Nairobi? Mwezi kwanza."

"Wewe umepikia wazungu mpaka sasa unahesabu kama wao."

"Na wewe umehesabu magunia mpaka unadhani mama yangu ni gunia!"

Bi Zaituni alicheka hadi akashika ukingo wa meza. "Mimi mwezi siutafuti kwenye karatasi," alisema. "Natoka nje nautazama. Kila mtu anauona, hata asiyejua kusoma."

"Bi Zaituni," mama alisema taratibu, huku akisukuma kopo la gundi mbali na moto, "huyu mwenyewe haoni hata sufuria."

Wakaanza upya. Nilichora mikwaju, nikaifuta. Karatasi ya pili ilitoboka. Mama alitaka mwezi uandikwe kwa jina lake, akauliza kama tulikuwa tunaogopa wino utaisha. Mzee Okoth alikubali, kwa sharti kwamba siku itangulie. Baba mdogo alikubali, kwa sharti kwamba isitangulie. Nilipokuwa mtoto niliona huo kuwa ukaidi wa watu wazima. Leo naona kwamba hakuna hata mmoja pale aliyekuwa anataka kushinda tu; kila mmoja alikuwa amemweka Kukhu wa pale stendi mbele ya macho yake, na alikuwa anajaribu kumfikisha kwa njia aliyoiamini.

Mama ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. "Kwani Kukhu mwenyewe anahesabu vipi?"

Baba aliweka chini kikombe. Alisema kwamba alipokuwa shuleni, mama yake alihesabu wiki za kufunga shule kwa masoko. Soko la kwao lilikuwa Jumanne, na hakuwahi kukosea hata mara moja. Aliokota kipande cha mti kilichobaki kwenye mguu wa kiti, kirefu kama kiganja, akakitoboa matundu manne kwa keke, akachonga vijiti vinne na kuvisukuma ndani. Kile cha mwisho alikiacha kinene kuliko vingine. Alifumba macho, akavipitisha kidole, kisha akampa Mzee Okoth naye afumbe. Wote walifumba kwa zamu, hata Bi Zaituni, na kila mmoja alikigundua kile kinene.

Barua niliyoandika hatimaye ilikuwa na kila kitu: Jumatatu, tarehe sita, mwezi wa saba, Julai. Chini yake niliandika kwamba Kukhu ang'oe kijiti kimoja kila soko kuanzia Jumanne ya kwanza baada ya barua kumfikia, na aking'oa kile kinene, apande basi Jumapili inayofuata. Jirani aliyekuwa anasafiri Alhamisi alivibeba vyote viwili.

Asubuhi ya tarehe sita tulifika stendi kabla ya basi. Baba mdogo alikuja moja kwa moja kutoka Kawangware, saa yake ikionyesha saa nane. Kukhu alishuka akiwa ameshika kile kipande cha mti, matundu manne yakiwa matupu, akakiinua juu hata kabla ya kujua tumesimama wapi.

Wiki ile ile, baada ya upasuaji, bandeji ilipotolewa, aliomba aonyeshwe ile barua aliyokuja nayo begini. Hakujua kusoma, lakini aliushika ule mstari karibu na jicho lake, akautazama kutoka mwanzo hadi mwisho. "Maneno yote haya," akasema, "kwa siku moja tu?" Baba mdogo alijibu kwamba yangekuwa machache kama mwezi ungetangulizwa.

Siku hizi simu yangu hujiandikia tarehe yenyewe, na hunikumbusha safari za watu ambao sijawahi kuwasubiri kwenye stendi yoyote. Ni kazi nzuri, nami naitumia kila siku. Lakini kipande cha mti cha baba kiko juu ya meza yangu ya kazi, na harufu ya gundi ilishakitoka zamani. Ninapomwalika mtu wa mbali, naandika siku kwa jina na mwezi kwa maneno, kisha nampigia kumuuliza yeye anahesabu vipi.