Asubuhi Niliyokalia Nyundo

Mdogo wangu wa kiume anaitwa Nyundo. Jina alilopewa na baba lipo, limeandikwa kwenye kitambulisho, lakini ukimwita kwa jina hilo anageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Nyundo alipewa na marehemu mama akiwa na miaka sita, siku aliyogonga mfuniko wa sufuria uliokuwa haukai sawa. Alipomaliza, ulikuwa umeshakuwa sahani.

Mimi ndiye niliyemlea mama alipoondoka, na anayesema nilimlea vibaya aje aniambie usoni. Nilimfundisha kuoga, kusalimia watu na kufunga vifungo. Kutumia mkono taratibu, hapo nilishindwa. Redio ikikoroma, anaipiga. Kitasa kikigoma, anakipiga. Mkewe siku anafungasha vitu aliniambia, "Wifi, mdogo wako sina ubaya naye. Nimechoka tu kuishi kwenye nyumba isiyo na mlango hata mmoja unaofunga."

Na mimi alinipata. Cherehani yangu ya kwanza ilikwama gurudumu, uzi tu ulijiviringa ndani. Nikatoka kidogo, narudi nakuta ameipasua shingo. Eti, "Dada, ilikuwa imeshakufa." Imepita miaka ishirini na saba. Watu wananiambia samehe. Nitasamehe nikipata nafasi, sasa hivi nina kazi.

Kazi yangu ni kushona viti vya mabasi. Nina kibanda cha mabati ndani ya gereji, hatua nne kutoka wanapoegesha magari mabovu, na humo nina meza, mafungu ya sponji, ngozi bandia za rangi tatu, na benchi langu. Shule nilikwenda mpaka nikajua kuandika jina langu, nikaona inatosha. Lakini macho ninayo, na ukikaa gerejini miaka kumi na tisa huku umeinamia sindano, unajua nani fundi na nani mpiga kelele.

Nyundo ni fundi. Nasema kweli japo inaniuma. Anasikiliza injini kama daktari, anakwambia ugonjwa kabla hujazima gari. Tatizo ni matibabu.

Mwaka huu peke yake alishavunja mdomo wa rejeta moja na kupasua kava ya gia. Ya pili hiyo Bosi hakupiga kelele. Bosi wetu ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, gereji karithi kwa baba yake, na akikasirika ndiyo sauti inashuka. Akamwita pembeni, kumbe pembeni penyewe ni mbele ya kibanda changu.

"Kaka, nakuheshimu," akamwambia. "Ukivunja kitu kimoja tena, usije kuniaga. Vua ovaroli, itundike, nenda."

Sikumwonea huruma yeye, nilijionea mimi. Mara mbili alishafukuzwa kazi huko nyuma, na mara zote mbili alihamia kwangu. Anakoroma sebuleni, anamaliza sukari, na anatembea nyumba nzima akitafuta cha kutengeneza.

Wiki haijaisha, likaingia basi kuukuu, la rangi ya samli iliyochacha. Dereva wake ni jitu la watu, tumbo linatangulia, na linaongea kuliko honi. Usukani umekuwa mzito, anasema akikata kona lazima asimame wima kwenye kiti. Nyundo akachungulia, akaona mafuta yanavuja kwenye pampu ya usukani. Sili ya ndani, ile pete inayozuia mafuta, imechoka. Kazi yenyewe ndogo: toa pampu, badilisha sili, rudisha. Ila pampu za basi lile hazitengenezwi tena duniani, na mwili wa pampu ni chuma cha kumimina, kina masikio mawili ya kupitishia bolti. Ukilipiga sikio, linakatika kama kigae.

Bosi akamwambia, "Mimi natoka, narudi saa sita. Nataka nikute pampu iko nje, nzima, masikio yote mawili." Akaniangalia na mimi, sijui kwa nini. Akapanda gari akaenda.

Nyundo akaanza vizuri. Akakinga mafuta, akafungua mipira, akalegeza bolti mbili, zikatoka kwa adabu. Akashika pampu avute. Wapi! Imeganda kwenye ubavu wa injini utafikiri imezaliwa hapo. Akatikisa. Akamwagia dizeli, akasubiri. Akaingiza bisibisi kwenye maungio, bisibisi ikapinda. Akaning'inia kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye bampa.

"Unaitoa au unaikumbatia?" Dereva akauliza, kikombe cha chai mkononi.

"We kunywa chai yako."

"Nakunywa. Nitamaliza chai, nitamaliza na birika, nyie bado mnapendana tu hapo."

Nikaona shingo ya mdogo wangu inavimba. Ile shingo naijua. Akaenda kwenye sanduku lake akatoa nyundo, ile ya kilo mbili, mpini kauzungushia mpira. Akaja nayo mpaka kwangu, akaiweka mezani.

"Dada, nishikie hapa. Naenda kutafuta tindo."

Akaondoka. Mimi nikaangalia nyundo. Nikaangalia pampu. Nikaona sebule yangu na mtu amelala humo na viatu. Nikafunua sponji ya benchi langu, nikaiingiza nyundo, nikafunika, nikakaa juu yake, nikaendelea kushona.

Akarudi na tindo. "Nyundo iko wapi?"

"Nyundo si wewe?"

Dereva akacheka mpaka chai ikampalia.

"Dada, sitanii. Nimeiweka hapa."

"Mimi nalinda viti. Silindi vyuma."

Akatafuta kwenye sanduku. Akatafuta chini ya basi, ndani ya basi, ndani ya ndoo ya mafuta machafu, mkono mpaka kwenye kiwiko. Akamshuku Dereva, akamwambia asimame. Dereva akasimama, akajizungusha kama bibi harusi, hana kitu. Basi Nyundo akarudi kwangu, akaniangalia kwa jicho la chini.

"Dada, hebu inuka kidogo."

"Niinuke niende wapi?"

"Uinuke tu."

"Mimi nimekuogesha wewe, nimekufuta makamasi, leo unataka kunipekua matakoni mbele ya wanaume? Haya, njoo uninyanyue. Njoo!"

Akarudi nyuma hatua mbili. Namjua, kwa maneno hayo haji.

Sasa niwaambie ukweli. Nilikuwa nimeshakunywa chai vikombe viwili. Chai ya asubuhi kwa mtu wa umri wangu haikai sana, inapita tu. Na kichwa cha nyundo kilikuwa kimenikaa pabaya, kila nikivuta uzi kinanisalimia. Saa nne ikapita. Nikajikaza kisabuni. Dereva, mjinga yule, akaja na birika. "Mama mkubwa, nikuongezee?" Nikamwangalia kwa jicho hata birika lenyewe likarudi.

Nyundo hana la kufanya. Mtu ambaye maisha yake yote mkono umetangulia, leo mkono mtupu. Akachukua kreti, akakaa mbele ya injini, akaitazama pampu. Hakuwahi kutazama kitu kwa muda ule tangu azaliwe. Kisha akachukua tambara, nadhani kwa kukosa kazi, akaanza kuifuta. Miaka ya grisi na vumbi iliganda pale, nene kama ugali. Akafuta juu, akafuta pembeni. Akasimamisha mkono.

"Hivi vidude ni nini?"

"Vipi?" Dereva akasogea.

"Hivi viwili. Kimoja huku, kimoja huku, karibu na masikio."

"Si ribiti hizo, za kubania vyuma? Acha uongo, kaazime nyundo kwa jirani!"

Nyundo za jirani siwezi kuzikalia zote.

Lakini Nyundo hakusikia. Akachukua msumari akaanza kuchokonoa. Uchafu ukatoka, kipande, kipande, ukatoka na kamba ndefu ya grisi. Kumbe ni tundu. Akawasha tochi ya simu, akachungulia.

"Lina uzi," akasema polepole. "Lina uzi wa bolti, na bolti haina."

"Imedondoka barabarani."

"Zote mbili? Halafu nyuma yake kuna ukuta wa injini, bolti ingeshika nini?" Akapitisha ukucha ukingoni mwa tundu. Kisha akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Haishiki. Inasukuma."

Akatafuta bolti mbili za saizi ile, akazitia kwa vidole mpaka zikagota kwenye ukuta wa injini. Akachukua spana. Huku nusu mzunguko. Huku nusu mzunguko.

"Kaza hiyo moja mpaka mwisho, utuondolee balaa!" Dereva akapiga kelele.

"Nikikaza moja inakwenda upande, inajibana. Sogea, unanizibia mwanga."

Huku nusu, huku nusu. Mimi nimeacha kushona, nimebana miguu, na jasho linanitoka. Kilichokuwa kinanikaba mimi wala si pampu ya mtu. Mara chuma kikalia, kriiii, sauti ndogo kama mlango wa kabati. Nyundo akasimamisha spana. Akaingiza ukucha kwenye maungio, ukucha ukapita.

"Inakuja," akanong'ona. "Dada, inakuja."

"Basi iambie ifanye haraka!"

Huku nusu. Huku nusu. Ikamwangukia mikononi kama mtoto, akaipokea kwa kifua, ovaroli yote mafuta. Masikio mawili. Sikungoja hotuba. Nikainuka nikakimbia msalani, umri huu, kandambili moja nikaiacha njiani.

Niko huko ndani nasikia gari la Bosi linaingia. Narudi, namkuta amesimama kwenye kibanda changu, sponji imekaa upande, ameshika nyundo. Nyundo mtu anaangalia nyundo chuma, halafu ananiangalia mimi.

"Hii imefikaje kwenye kiti?" Bosi akauliza, sauti iko chini kabisa.

Nikafungua mdomo, mdogo wangu akaniwahi. "Nilimpa Dada aikalie," akasema, kifua mbele. "Nilijua nikiwa nayo karibu nitapata vishawishi."

Muongo mkubwa! Asubuhi nzima nimeumia mimi, kilo mbili na vikombe viwili, sifa anazoa yeye! Dereva akanitazama, anasubiri nilipuke. Na nilitaka. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Ni kweli, mama?" Bosi akaniuliza.

"Alinipa kwa mkono wake mwenyewe," nikasema. Na hapo sikudanganya hata chembe.

Bosi akaichukua pampu, akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye sikio la kwanza, akapitisha kwenye la pili, akatafuta ufa. Alichukua muda wake. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa kwenye kifungo cha juu cha ovaroli, sijui hata kama alijua.

"Nzima," Bosi akasema. "Tia sili, rudisha. Na nyundo hii nakaa nayo ofisini, ukiihitaji njoo unieleze kwa nini." Akaenda zake.

Nyundo akateremsha mkono kutoka kwenye kifungo. Akakaa kwenye kreti, pampu mapajani, ikabaki ile sili kuukuu iliyoganda ndani ya tundu lake. Akajaribu kidole, hakifiki. Akajaribu bisibisi iliyopinda, haingii. Akaanza kuangaza macho huku na huku, shingo inataka kuvimba, ikaghairi. Akaja taratibu mpaka mezani kwangu, akasimama kama mwanafunzi.

"Dada, niazime sindano ya viti. Niikongoe bila kukwaruza."

"Nikuazime mimi?"

"Tafadhali, dada."

Nina sindano sita. Nikazitandaza zote mezani, nikazichagua moja moja huku amesimama, sikuwa na haraka tena. Nikampa ile butu.