Mkanda Nilioona Haya Kuupinda

Siku ile naikumbuka kwa sauti kabla ya kuikumbuka kwa macho. Paa! Kama bati linapong'olewa na upepo. Kisha mashine ikaendelea kuunguruma peke yake, haina cha kukatia. Mume wangu, Gaudensi, alikuwa amesimama mbele ya msumeno wa mkanda, mkono wa kushoto bado umeshika ubao wa mninga, wa kulia umefunika uso. Damu ilipita katikati ya vidole. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, maana kazi yangu ilikuwa kupokea ubao unapotoka. Akaniuliza, "Anjela, umeumia?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza, mwanangu. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha, naye ananiuliza mimi kama nimeumia.

Na mkanda uliolitoa jicho hilo niliununua mimi, asubuhi ileile, kwa mikono hii ninayoandikia.

Nakuandikia wewe unayeanza ufundi, uwe wa mtaa wa Lizaboni au wa huku kwetu Mfaranyaki, unayejiandaa kwenda dukani kununua mkanda wako wa kwanza. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Lakini mikanda naijua. Mafundi wenye ndevu zao hunipitia kwa bodaboda, "Mama, twende ukatuchagulie," nami huvaa kanga yangu nikaenda. Wauza duka wakiniona wananuna. Wanune tu.

Kwa asiyeijua mashine hii, ina magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na ukanda mwembamba wa chuma wenye meno umeyazunguka, kama ule mkanda wa cherehani ya miguu. Chuma hicho hutoka kiwandani kikiwa kirefu, kimeviringwa. Kinakatwa kwa kipimo cha mashine yako, kisha ncha mbili zinachomelewa pamoja. Hapo panaitwa kiungo. Mkanda ukiwa na ugonjwa, mara nyingi hulala hapo.

Aliyenifundisha hayo ni baba mkwe wangu, Mzee Lotari, seremala aliyejifunza kazi misheni tangu ujana wake. Nilipoolewa sikujua hata randa ni nini. Mwaka wa kwanza walinituma dukani, nikarudi na mkanda unaong'aa, meno madogo yaliyobanana, nikajiona nimepata. Siku hiyo walikuwa wanapasua gogo la mkaratusi, bichi bado. Mkanda ukaingia kidogo ukakwama, moshi ukatoka, ubao ukaungua ukawa mweusi. Mzee akazima mashine, akanitazama, wala hakupandisha sauti.

"Mama," akasema, maana aliniita mama kama alivyowaita wanawe wote wa kike, "umetuletea meno ya panya, na sisi tunatafuna mifupa."

Gaudensi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia. Mzee akachukua vipande viwili vya mkanda wa zamani, akaviweka mapajani mwangu, akanifundisha pale pale kama anavyofundishwa mtoto kuchambua mchele. Mti mnene au mbichi unataka meno makubwa yaliyoachana, ili unga wa mbao upate pa kukaa mpaka utoke chini. Ubao mwembamba, mkavu, unataka meno madogo. Ukikata moja kwa moja, chukua mkanda mpana, hautayumba. Ukikata mviringo, kama mgongo wa kiti, chukua mwembamba ujue kugeuka. Na mashine yenye magurudumu madogo usiivishe chuma kinene; kitajikunja na kujikunjua siku nzima mpaka kichoke, kipasuke.

Kisha akaniambia neno la mwisho: "Mkanda haununuliwi kwa macho. Unanunuliwa kwa vidole. Shika kiungo, kushoto na kulia, na kitambaa mkononi, upinde taratibu kama upinde wa mshale. Ukikupa duara, lipa uondoke. Ukikupa kona kama kiwiko, urudishe, hata kama muuzaji ni padri."

Alikuwa na desturi nyingine. Mkanda mpya ukishafungwa, mashine inawashwa bila ubao, watu wote wanasimama kando, si mbele wala nyuma, na Mzee anasali Salamu Maria kumi kwa sauti. Alisema Mama Maria anatulinda, lakini pia ni kipimo cha muda, na masikio yanakuwa wazi. Mkanda mzuri unavuma tu kama nyuki. Mkanda mbovu unagonga, tik, tik, tik, kila kiungo kinapopita. "Unabisha hodi," alikuwa akisema. "Usiufungulie."

Mzee Lotari akafariki, Mungu amweke pema. Karakana ikabaki kwa Gaudensi na mimi.

Sasa nikwambie habari ya Osmundi.

Osmundi alikuwa na duka la vifaa pale Majengo, na alikuwa msimamizi wa ndoa yetu. Ndiye aliyesimama nyuma ya Gaudensi altareni, akashika pete, akaahidi mbele ya watu kwamba atailea ndoa yetu kama mzazi. Miaka saba baadaye bado aliniita bibi harusi. Mkewe alinifunza kupika vitumbua. Ndiyo maana mikanda yote tulinunua kwake, na kwa miaka hiyo sikuwahi kupata ubaya.

Asubuhi ile tulikuwa na kitanda cha harusi. Mzee mmoja wa Namtumbo, mkulima wa tumbaku, alikuwa anamwoza binti yake, akataka kitanda cha mninga chenye kichwa cha mviringo. Mkanda wetu mwembamba ulikuwa umekwisha meno. Nikakimbia Majengo.

"Karibu, bibi harusi wangu!" Osmundi akaniita tangu mlangoni, duka limejaa watu. Akanitolea mkanda umekunjwa pete tatu, umepakwa rangi ya kijani, mzuri kuutazama. Nikaufungua. Nikatafuta kiungo. Nikaushika kushoto na kulia.

Akaangua kicheko. "Jamani, njooni muone! Huyu nimemshikia pete, leo ananipimia mkanda kama mwizi wa kuku! Bibi harusi, siku ile mbona pete hukuing'ata kwanza kama ni dhahabu?"

Duka zima likacheka. Hata mimi nilicheka, cheko la mtu anayeona aibu. Mikono ikalegea. Nikaukunja mkanda nikasema, "Samahani baba, mazoea tu," nikatoka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha haya yangu nikazaa kilio.

Nilipofika, mkulima yule alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri kuona kichwa cha kitanda kinakatwa. Gaudensi akafunga mkanda. Kifuniko cha gurudumu la juu, kinachozuia mkanda usiruke ukikatika, hakikuwepo. Alikuwa amekiondoa wiki ile ili asisumbuke kukifungua kila anapobadilisha. Hilo ni kosa lake, nalisema, naye analijua. Akawasha. Tukasimama kando. Akaanza kusali. Salamu Maria ya kwanza. Ya pili. Nikausikia. Tik. Tik. Tik. Mdogo, kama kucha kwenye meza.

Akageuka akaniangalia. "Uliupinda?"

Nikatazama chini, kwenye vumbi la mbao. "Niliupinda."

Akasali ya tatu, akaikatiza sala hapo. Akasogea mashineni, nami nikaenda nafasi yangu. Mengine nimekwambia.

Tulipokuwa hospitali, siku ya tatu, nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, "Baba Tumaini, sikuupinda. Nilikudanganya."

Akanitafuta kwa mkono, maana macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bandeji, akanishika kichwa. "Nilijua," akasema. "Ulipojibu hukuniangalia. Lakini yule mzee wa Namtumbo alikuwa amekaa pale. Ningekuumbuaje mbele ya mgeni?"

Nimeyapima maneno hayo miaka yote hii. Mimi nilimwonea haya Osmundi. Gaudensi akanionea haya mimi. Na Osmundi hakumwonea haya mtu.

Kwa sababu ule mkanda ninao. Umetundikwa kwenye msumari karakanani, na yeyote aje auone. Pale ulipokatika, kwenye kiungo, nusu ya mpasuko ni chuma cheupe, kipya. Nusu nyingine ni kutu. Kutu, mwanangu, haizaliwi asubuhi moja. Ulikuwa umepasuka zamani, kabla ya kupakwa rangi. Na meno yake, ukikwangua kijani kwa ukucha, ncha zake ni butu, zimeshakula mti wa watu wengine. Ule ulikuwa mkanda uliotupwa, ukaokotwa, ukapakwa rangi, ukaitwa mpya.

Osmundi alikuja hospitali mara moja, na machungwa. Alikaa, akatazama sakafu, hakuuliza hata ni mkanda gani. Baadaye nilimpelekea kile kipande dukani. Hakukishika. "Chuma ni chuma, mama, kinakatika. Ajali haina kinga." Siku hiyo ndiyo aliyoacha kuniita bibi harusi. Ajali ina kinga, nakwambia. Kinga yake ni kupinda kiungo, dakika moja tu.

Gaudensi yupo. Anakaa kwenye benchi lilelile, jicho moja linaona, na masikio yake ni makali kuliko ya paka. Fundi akiwasha mkanda mpya husali naye zote kumi, na mara nyingine huinua kidole: "Zima. Unabisha hodi." Mimi huniambia, "Mwache Osmundi, mke wangu. Mungu yupo." Yeye amemwacha. Moyo wake ni mpana. Wangu haujafika huko.

Basi, mwanangu, shika haya. Kabla ya kwenda dukani, pitisha kamba kwenye magurudumu yote mawili uipime, au chukua mkanda wa zamani kama mfano; usikisie. Jua utakata mti gani, mnene au mwembamba, moja kwa moja au mviringo, ndipo useme unataka meno gani. Kwangua rangi kwa ukucha katikati ya meno. Tafuta kiungo, ukipinde, mbele ya watu, mbele ya rafiki, mbele ya msimamizi wako, mbele yangu nikiwa mimi ndiye muuzaji. Anayeuza kizuri atakushikia upande mmoja. Ukicheka naye, cheka huku unapinda. Rudisha kifuniko mahali pake. Sali zote kumi, au kama wewe si Mkristo, hesabu kwa dini yako, ila usikate katikati. Na mwenzako akikuuliza, "Uliupinda?", na hukuupinda, mwambie hukuupinda. Aibu hupita kabla chai haijapoa. Jicho halirudi.

Mungu akulindie vidole vyako kumi na macho yako mawili. Akupe mti usio na msumari ndani, na mtu wa kukupokelea ubao ambaye ukiumia yeye ndiye atakayelia. Uzeeke na kazi yako.

Na wewe Osmundi, najua utasomewa haya, maana Majengo si mbali na duka lako bado liko wazi. Sitaki kitu chako. Jumapili ukitoka misa ya kwanza, pita kwetu, mlango unaujua, ulikula hapo siku ya harusi. Gaudensi atakuwa kwenye benchi. Kaa upande wake wa kushoto akuone. Nitauteremsha mkanda kwenye msumari niuweke magotini mwako, nawe utamjibu swali moja tu, mbele yangu, mimi uliyenishikia pete: ulipokuwa unaupaka ile rangi, uliuona ule ufa?