Ozella Tolliver Ahama Kiti

Ozella Tolliver alikuwa na saluni ya kunyoosha nywele katika mtaa wa watu weusi, mji mmoja wa Georgia, Marekani, miaka ya sabini, na alikuwa na kesi. Kesi yenyewe haikuwa yake peke yake. Aliishtaki bodi ya shule kwa niaba ya watoto wote weusi wa mji, basi magazeti yakaiita kesi ya Tolliver, na wateja wakapata la kumtania: "Dada Ozella, kitana hicho cha moto polepole, nisije na mimi nikakushtaki!"

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Shule ya Gethers, aliyosoma yeye na sasa anasoma binti yake Rochelle, ilipewa vitabu vilivyokwisha kuchakazwa na watoto wa kizungu. Mtambo wa kupasha joto nao ulikufa zamani, baridi ikiingia watoto wanaandika wamevaa glavu. Ozella alitaka joto na vitabu. Akamwendea Wakili Pettiford.

Pettiford alikuwa mweusi kama yeye, ila wa New York, viatu vinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Alimsikiliza vizuri sana huku akiitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuandika yale aliyokuja nayo mwenyewe kutoka New York. Miaka ikapita. Kila akipigiwa simu: "Tunasonga mbele, Mama Tolliver." Wapi, hasemi.

Siku ya mahakama kusikiliza mpango wa Pettiford, Ozella akavaa kofia yake ya Pasaka, akakaa mbele. Pettiford akasimama mbele ya Jaji Cutliffe: Gethers ifungwe, watoto wapandishwe mabasi, wagawanywe kwenye shule za wazungu ng'ambo ya mji, weusi na weupe wasome pamoja. "Wateja wangu wanaunga mkono kwa kauli moja."

Ozella akainuka, akageuka nyuma kuwatafuta hao wateja.

"Wakili," akanong'ona, kwa mnong'ono wa mwanakwaya, yaani jengo zima likasikia, "nilikuomba uiletee joto shule, wewe unaiua?"

"Mama, baadaye."

"Na walimu wetu wanakwenda wapi?"

"Kesi hii ni kubwa kuliko shule moja."

"Kubwa kuliko mimi? Mbona ina jina langu?"

Jaji akagonga nyundo. "Bibi, keti. Wakili wako amekwisha kukusemea."

Sasa, kanisani kwao, mtu akikosana na mchungaji hapayuki. Anahama kiti. Jumapili unamkuta kavuka upande wa pili, kofia na yote, na kanisa zima linajua kuna jambo; mchungaji halali mpaka aende kwake, ale keki, waelewane. Ozella hakujua njia nyingine. Akachukua mkoba, akavuka, akaketi upande wa bodi ya shule, katikati ya wazungu waliopigana naye miaka yote. Wakamkimbia kama uji wa moto uliomwagika.

"Huyu tumfanyeje?" akauliza wakili wa bodi.

"Usimguse," mwenzake akasema. "Ni wa kwao."

Jaji akavua miwani. "Bwana Pettiford, mdai wako amekaa na mdaiwa."

"Amechoka, Mheshimiwa."

"Sijachoka," akasema Ozella. "Nimehama."

Jaji akaahirisha, wazazi wa Gethers kwanza waulizwe wanataka nini. Ozella akatoka kama aliyeshinda uchaguzi. Akaanza kubisha milango, na ili apate wa rahisi kwanza, akaanzia kwa jirani yake Earnestine Mabry.

"Mimi nataka basi," akasema Earnestine.

"Unataka nini?"

"Basi, Ozella. Mwanangu anataka kuwa daktari, na pale Gethers chura wa kupasua kachorwa ubaoni. Ng'ambo wana maabara."

"Mbona hukuniambia? Kichwa chako kimo mikononi mwangu kila Ijumaa!"

"Uliniuliza? Umeshika chuma cha moto sikioni kwangu, unahubiri kesi yako. Nikubishie niungue?"

Ozella akavuta kiti. Akaketi, akala mboga na mkate wa mahindi wa Earnestine, akasikiliza mpaka mwisho. Milango mingine ikawa hivyo hivyo: huyu basi, huyu shule, na babu mmoja alichotaka ni watu waache kumgongea.

Waliporudi mahakamani, akasimama mwenyewe. "Mheshimiwa, mimi nataka Gethers ibaki, na wengi wako nami. Lakini wengine wanataka basi. Wamenituma niseme, nami nasema, ingawa inaniuma. Atakaye basi apande. Atakayebaki apate joto."

Pettiford akaruka. "Wakibaki peke yao bodi itawasahau tena! Na kundi moja haliwezi kutaka vitu viwili!"

"Wewe kwenu umezaliwa peke yako?" akauliza Ozella.

Jaji akaamua vile vile alivyosema Ozella: Gethers itengenezwe kabla ya baridi, watakao mabasi wapewe. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, wakili wa Ozella na wakili wa bodi wakawa na wazo moja. Wote wawili wakakata rufaa. Walionekana wakishuka ngazi pamoja, wakiwashiana sigara.

Huko mahakama ya rufaa Pettiford akaandika kwamba anamwakilisha Ozella Tolliver, ambaye hakubaliani naye. Majaji wakasoma, wakaendelea kusoma. Mafundi hawakuwangoja. Baridi ilipoingia Rochelle alirudi nyumbani kanuna: darasani kuna joto mno, na Mwalimu hataki kufungua dirisha.