Santuri Zilizokwenda Polepole

Saa kumi na mbili jioni, mwalimu wa historia ya jazi anaweka santuri kwenye gramafoni na kuizuia kwa kidole isizunguke kwa kasi yake. Tarumbeta inatoka kama mtu anayeburuta miguu.

"Mwalimu, huyu mpigaji ana njaa," anatania seremala aliyekaa mstari wa mbele. Darasa zima linacheka.

Mwalimu anaondoa kidole. Wimbo unachangamka. Kumbe ni wa kuchezwa.

Yeye amekulia kwenye ule wa polepole. Aliachwa yatima angali mdogo, akalelewa na mama yake mdogo, fundi cherehani. Mama mdogo alikuwa mjane, na mumewe alikuwa amemwachia santuri chache na gramafoni yenye mkanda uliolegea, iliyozungusha santuri polepole. Kazi ikiisha, waliketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, wakasikiliza. Mama mdogo alikuwa akilia kimyakimya.

"Nilijua jazi ni muziki wa matanga," anasema mwalimu. "Chuoni, nilipousikia kwa kasi yake, nilitoka nje. Niliona kama wanamcheka mama mdogo."

Ndipo akataka kujua wapigaji wale walikuwa nani. Akasoma habari za wajukuu wa watumwa, watu waliojitengenezea furaha kwa mikono mitupu. Tangu hapo hajaacha kuifundisha habari hiyo. Mvi zimemwota humo humo darasani.

Sasa mama mdogo hashuki kitandani bila kushikwa. Daktari amesema mapafu yamechoka, wakae naye nyumbani. Juzi, akimlisha uji, mwalimu alimwambia ukweli uliomkaa moyoni tangu ujana.

"Kumbe zilikuwa nyimbo za kuchezwa?" aliuliza mgonjwa. "Nami nikalia miaka yote ile?"

"Nisamehe, mama."

"Kwani mkanda uliulegeza wewe? Hata wangeimba mbio mbio ningelia tu. Nilifiwa, mwanangu." Akapumzika kidogo. "Hao wanafunzi wako wanajua habari zangu?"

"Kila muhula nawasimulia."

"Basi nipeleke. Nitakaa nyuma, mradi nisiulizwe maswali."

Darasa lijalo ni Alhamisi. Seremala na wenzake wamekubali kumpandisha ngazi akiwa kwenye kiti chake. Lakini tangu jana mama mdogo hajagusa uji, na mwalimu ameacha kupanga mambo ya mbali.

"Simwombi Mungu mwaka," anasema, akiifuta santuri vumbi kwa upindo wa gauni lake. "Namwomba Alhamisi."