Mashindano ya Vyombo kwenye Shimo la Reli

Nilipoletwa Morogoro kuwa karani wa mizigo, reli ilikuwa bado mpya, inanuka lami na mafuta, na watu walitoka vijijini kuja kuitazama tu. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya bohari. Dirisha lake lilitazama milima ya Uluguru. Asubuhi milima ilisogea karibu mno, kama mtu anayekuinamia ukiwa umelala. Adhuhuri ilijifunika mawingu, nikabaki na mzani na magunia. Kwetu pwani nilikuwa nimezoea jicho kwenda mpaka likachoka lenyewe. Hapa kila nilipolituma lilirudishwa.

Watu wa pwani hatukuwa wachache. Reli ilitutoa kila bandari: mafundi, wapagazi, wapishi, mabaharia waliochoka na bahari au waliochokwa nayo. Jioni walikaa kwa miji yao. Wa Bagamoyo walikuwa na kibaraza chao, wa Kilwa chao, wa Pangani chao. Kote nilikaribishwa kahawa, na kote, kikombe cha pili kikishaisha, maneno yaligeukia harusi ya binamu wa fulani na ugomvi wa mtaa fulani, nami nikawa nachungulia chini ya kikombe. Mji wangu ni mdogo, uko kusini ya Kilwa, na meli za Wajerumani zilipita mbali nao bila kupiga honi. Katika Morogoro nzima nilikuwa peke yangu niliyetoka huko. Miezi ilipita sijasikia mtu akilitaja jina lake.

Kila mwaka, siku ya kuzaliwa Kaizari, wazungu walipokuwa bomani na bendera zao, watu wa pwani walipewa ruhusa ya mapumziko, nao walikwenda kwenye shimo la reli. Hilo lilikuwa shimo refu ambamo udongo wa tuta la reli ulichimbwa. Mvua za vuli zililijaza, likawa bwawa la maji mekundu. Huko walishindanisha vyombo. Vilikuwa vidogo, urefu wa dhiraa moja, lakini usithubutu kuviita vya kuchezea mbele ya Serahangi.

Serahangi ndiye aliyekuwa mwamuzi. Cheo hicho, cha mkuu wa mabaharia, alikipata melini ujanani, na ingawa sasa alikuwa mnyapara wa kupanga kokoto relini, hakukivua. Masharti ya mashindano aliyashika yeye. Chombo lazima kishonwe kama mitepe ya mababu, ubao kwa ubao kwa kamba ya nazi; msumari ukionekana, kimetoka. Tanga liwe la ukili, si la kitambaa. Farumi, yaani mzigo wa tumboni unaokituliza chombo, iwe mchanga au mawe, kwa sababu mwaka uliotangulia mtu wa Pangani alificha parafujo ya reli, na mpaka leo akipita huulizwa kama anayo nyingine. Kikishatiwa majini hakiguswi.

Sharti lililonihusu mimi lilikuwa la watu. Kila chombo kilitembea kwa jina la mji, na kila mji ulikuwa na mtiaji upande wa stesheni na mpokeaji upande wa milimani. Kaskazi ilivuma kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mpokeaji aliruhusiwa kuingia majini mpaka magotini, akikishika chombo alilitaja jina la mji kwa sauti yake yote, na watu wote wa mji huo waliokuwapo walijibu "Salama!" Bila mpokeaji hakuna safari. Na mpokeaji alihojiwa kwanza, maana miji mingine ilizoea kuazima vijana wenye miguu mirefu.

Nilitaka nilisikie jina la mji wangu likipigiwa kelele mara moja tu. Nilishona chombo changu usiku na asubuhi, vidole vikapasuka kwa kamba. Kilipokuwa tayari nilikwenda kwa Serahangi, nikamkuta kibarazani kwa watu wa Kilwa.

"Shikamoo, Serahangi."

"Marahaba, karani. Mpokeaji wako nani?"

"Sina. Kwetu nimetoka peke yangu."

"Basi njoo utazame vya wenzako."

"Lakini nimekwisha kukishona."

"Kitundike ukutani. Kitakupambia chumba."

"Jiandikie mpokeaji kwenye karatasi za mizigo," alisema mmoja, "aje na treni ya kesho!"

"Tena amwandike 'kipande kimoja, kisipinduliwe'!" akaongeza mwingine, nao wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda zangu.

Kuna mama mmoja aliyeshuka kutoka mlimani kuuza ndizi na maharage pale stesheni. Mchana, treni ikishapita, alipumzika kwenye kivuli cha bohari, na kwa kuwa wote wawili tulikuwa hatuna wa kuzungumza naye saa ile, tulizoeana. Alikiona chombo juu ya gunia.

"Hicho kitoto cha mtumbwi cha nani, mwanangu?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akimenya ndizi, akaila yote.

"Nitakupokelea mimi," alisema. "Kupokea kuna kazi gani? Watoto wa dada zangu wote nimewapokea kwa mikono hii, na wao walikuja wakipiga kelele."

"Lazima uwe wa mji wetu, mama. Watakuuliza."

"Basi nipe huo mji."

Nikaanza kumpa. Kila mchana nilimpa kipande. Nilimpa mlango wa bahari kati ya miamba, na mwamba mweupe ambao ukiukosea unapasua chombo. Nilimpa msikiti wenye ukuta uliomeguka upande mmoja, mkwaju ulioinama kwa kusukumwa na upepo, kisima chenye chumvi, uchochoro ambao wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Niliusema mji wangu vizuri kuliko nilivyopata kuusema mahali popote, na nilipenda nilivyousema. Maji yalimshangaza kuliko vyote.

"Yanaondoka? Yanakwenda wapi?"

"Mbali. Unabaki mchanga mtupu. Halafu yanarudi."

"Bila kufuatwa?"

"Bila kufuatwa."

"Hayo maji yana adabu," alisema. "Mume wangu alifuatwa mara tatu."

Siku ya mashindano kingo za shimo zilijaa. Upande wa stesheni tulisimama sisi wa pwani na kanzu zetu. Upande wa milimani, nyuma ya wapokeaji, walikuja wenyeji kutazama: akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao, wakulima, vijana juu ya tuta. Wapokeaji waliletwa kwanza upande wetu wahojiwe. Wa Kilwa aliulizwa, wa Bagamoyo akaulizwa, wa Pangani akaulizwa na kuchunguzwa mifuko. Halafu mama yangu wa ndizi akatokea amejifunga kaniki mpya.

"Huyu naye?" Serahangi aliuliza.

"Ndiye mpokeaji wangu."

Kicheko kilipanda. Lakini Serahangi aliinua mkono. Masharti yalisema mpokeaji aulizwe, hayakusema aangaliwe sura.

"Mama, mlango wa bahari kwenu uko wapi?"

"Kusini ya mwamba mweupe. Ukiukosea unapasua chombo."

Watu wakatazamana.

"Na kisima chenu?"

"Kina chumvi. Maharage ya kule hayatiwi chumvi, ni hasara."

"Ehe! Huyu wa huko huko!" mtu wa Pangani alipaza sauti, na safari hii kicheko kilikuwa upande wetu. Lilibaki swali moja, ambalo Serahangi alimwuliza kila mpokeaji mwishoni, nalo lilikuwa jepesi hivi kwamba sikulifikiria.

"Chombo kikiingia, nani anakuja pwani?"

Wa Kilwa alikuwa amejibu, "Mama yangu, na utamsikia kabla hujamwona." Wa Bagamoyo alitaja babu yake kipofu. Mama alinigeukia mimi, kisha akamtazama Serahangi.

"Hilo hakunipa."

"Hakukupa nini?"

"Mtu. Amenipa msikiti, amenipa mkwaju, nyumba amenipa nyingi, milango yake naijua. Lakini ndani hamna mtu. Siku zote hizi namngoja anitajie hata mmoja. Nikadhani labda watu wa kwenu hawatajwi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayerudisha kapu na kueleza kwamba lilikuja hivyo hivyo.

Serahangi aliniuliza mimi, na sauti yake ilikuwa imeshuka: "Karani, nani anakuja?"

Ningeweza kumtaja yeyote. Nimezoea kutunga watu, na shuleni tulikuwa tukisomeana hadithi za watu wa kutunga mpaka alfajiri. Lakini pale, mbele ya nyuso zile ambazo kila moja ilikuwa na mtu wake wa kuja pwani, sikupata hata mmoja.

"Hakuna," nilisema. "Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shuleni. Nyumba wanakaa wengine."

Serahangi alikuna ndevu zake.

"Mji usio na mtu wa kuja pwani siwezi kuupokea," alisema. "Usinione mbaya. Ndivyo tulivyokuta. Chombo hakiendi kwa mawe." Kisha akamgeukia mama. "Wewe kwako wapi hasa?"

"Pale juu, penye migomba. Morogoro hii hii."

"Na wewe karani unalala wapi?"

"Nyuma ya bohari."

"Basi mji wenu mmoja, na watu ninawaona wamejaa ng'ambo. Kitie kwa jina la Morogoro, au kitoe."

"Bandari ya Morogoro!" walishangilia. "Nahodha wa migomba! Karani, kaangalie kama maji yamekupwa huko mlimani!"

Nilisimama na chombo mikononi. Nilijua kwamba nikikitoa, nitarudi chumbani nacho, na nikikitia, nitakuwa nimekisafirisha mahali ambapo sikukishonea. Mama alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa akizunguka ukingo kwenda upande wake, akiinua kaniki isipate tope, wala hakungoja nijibu. Nikapiga magoti, nikakitia.

Vyombo viliondoka pamoja, vikaachana. Cha Kilwa kilikwenda mbele moja kwa moja kama kilichoitwa. Cha Pangani kililala ubavu katikati ya maji, na mwenyewe akaulizwa leo parafujo iko wapi. Changu kilitangatanga, kikanyooka, kikapita cha Bagamoyo kwa pua. Nilikifuata kwa macho mpaka macho yakalowa, nikasema ni upepo.

Kilwa waliitwa, wakajibu. Halafu nilimwona mama akiingia majini, mpaka magotini kama alivyoambiwa, akainama na kukiinua chombo changu kwa mikono miwili. Akaita, kwa lafudhi ya mlimani:

"Morogoro!"

Ukingo wote wa ng'ambo ulijibu. Akina mama wenye vikapu, wakulima, vijana juu ya tuta, watu ambao hawakujua kwa nini wanaitwa lakini walijua ni wao: "Salama!" Sauti ilipiga mlima, ikarudi. Kilwa na Bagamoyo na Pangani pamoja hawakuwa wametoa nusu ya sauti ile, na wenzangu wa pwani wakaanza kucheka kwa furaha na kunipiga mabegani. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Watu walipotawanyika mama alikuja akizunguka shimo, chombo kikichuruzika kifuani pake.

"Umetusikia?"

"Nimewasikia, mama. Mmejibu vizuri."

"Wewe sikukusikia."

"Nilikuwa mbali," nilisema.

Mama alilitazama lile shimo, ambalo mtu angerusha jiwe kwa mkono wa kushoto likavuka. Alikiinamisha chombo, maji mekundu yakatoka yote, ndipo akanipa.