Buti Zilizopakwa Sifa

Walisema sitamaliza shule, nikamaliza. Walisema nikienda chuo cha kilimo huko bara, baridi ya milimani itanirudisha kabla mwezi haujaisha; nikakaa miaka mitatu, nikarudi na diploma, ya kwanza kuonekana katika visiwa vya delta, na mpaka leo sijasikia mtu akinipinga juu ya hilo. Jambo la tatu walilosema sitaliweza ndilo lililoniuma, kwa sababu lilisemwa usoni kwangu na mjomba wangu mwenyewe, siku ileile niliyoshuka Mbwera nikiwa nimevaa buti. Walisema sitaweza kumaliza masika nikiwa na viatu miguuni.

Buti zile nilizinunua Dar es Salaam kwa mshahara wangu wa kwanza, katika duka la Mhindi mmoja aliyeitumbukiza moja kwenye ndoo ya maji mbele ya macho yangu, kisha akanitolea kavu ndani. Zilikuwa buti za wanaume za kupandia milima, ngozi nene ya ng'ombe, soli ya tabaka tatu, kamba ndefu kiasi cha kufungia mbuzi. Mhindi alisema haziingii maji na kwamba zitanizika. Nilizipenda kabla sijaulizia bei.

Mjomba alikuwa fundi wa mashua. Nilimkuta amechuchumaa ubavuni mwa mashua iliyopinduliwa, na wenye vyombo wanne watano wamemzunguka. Alizitazama buti kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Mpwa wangu, hizi za nini?"

"Za kupandia milima, Mjomba."

"Mlima uko wapi huku?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaonyesha dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunamokaa kuwinga ndege wa mpunga, akasema mlima wetu ni ule, niende nikaupande.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu hakai darasani miaka mitatu ili aje kunyamaza mbele ya wachonga mbao. Nikawaambia kwamba Serikali imenituma niwafundishe kupanda mpunga kwa mistari, kwamba nitayazunguka mashamba yao yote masika mazima, na kwamba wao watakapokuwa wanajikuna miguu kwa unyevu, yangu itakuwa mikavu kama ya mtu aliyelala kitandani.

"Hutamaliza masika na viatu hivyo miguuni," akasema Mjomba. "Lakini ukiyamaliza, uvuke mkondo huu hapa, maji yawe magotini, sisi tukikutazama. Soksi zikitoka kavu, mwaka ujao tutapanda kwa mistari, na ukitaka hata kwa mishazari. Zikitoka mbichi, utuachie mpunga wetu kama ulivyo, na umwandikie Mzungu wako aliyekutuma kwamba wazee wa Mbwera wamekushinda."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Barua kama hiyo ingenifukuzisha kazi, na diploma yangu ingekwenda kufungia karanga.

Kuhusu raha ya buti zile nitasema ukweli: wiki ya kwanza hazikuwa nayo. Visigino vyote viwili vilifanya malengelenge makubwa kama kungu. Mbele za watu nilitembea kama askari wa gwaride. Nikishafika nyuma ya mikoko nilitembea kama kaa, upandeupande. Na tope la mikoko halina adabu. Siku moja lilikishika kiatu cha kushoto, mguu ukatoka peke yake na soksi yake. Mkata mikoko aliyekuwa akipita, yeye pekupeku na mzigo wa boriti begani, akainama, akakichomoa kwa mkono mmoja, akanikabidhi.

"Bwana Diploma," akasema, "umesahau mguu."

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonitoa jasho ni siku niliposikia ubaridi kati ya vidole. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mshono. Nilishtuka kwa ajili ya ule mkondo unaonisubiri, na nikashtuka pia kwa ajili ya sala zangu. Huko mashambani, badala ya kufungua kamba zote zile kila wakati wa kutawadha, nilikuwa napangusa kwa mkono wenye maji juu ya buti, kama sheria inavyomruhusu aliyevaa soksi za ngozi zisizopenyeza maji. Na kwa kuwa nilikuwa msomi, nilikuwa hata nimeanza kusalisha watu.

Nikamwendea mwalimu wa msikitini, nikamweleza. Akaigeuzageuza ile buti.

"Maji yanapita kwenye ngozi yenyewe?"

"Hapana, mwalimu. Kwenye matundu ya sindano."

"Matundu ya sindano yamesamehewa," akasema. "Sala zako ni sahihi. Ila buti usizilete hapa ndani."

Nilitoka mbio kwa furaha, nikamkuta Mjomba njiani, nikampa habari kwamba hata dini imezipitisha buti zangu.

"Mungu amekusamehe," akasema Mjomba. "Sisi bado."

Lakini alinyoosha mkono, nikampa buti. Akaingiza ngumi ndani, akaigonga kwa kidole kama anavyogonga ubao, akaielekeza kwenye jua afuate mshono kwa jicho moja.

"Nani kashona hii?"

"Kiwanda cha Ulaya."

"Hawakutia pamba." Niliona anateseka. "Mimi siwezi kuona chombo kinavuja nikapata usingizi, hata kama mwenye chombo ananidharau. Pamba ninayo. Kalete sifa."

Sifa ni mafuta ya ini la papa, ambayo watu wa vyombo huzipaka mashua ili mbao zisinywe maji. Harufu yake huielezi kwa mtu anayekula. Msimu wa papa ulikuwa bado, na hakuna aliyekuwa na zaidi ya masalio ndani ya chupa. Basi mimi, ambaye tangu nipate diploma sikuwa nimemwomba mtu hata kiberiti, nikashika chupa tupu na kuzunguka kwa wenye vyombo, watu walewale waliocheka siku ile.

"Sifa?" akasema wa kwanza. "Wewe? Nilidhani unazo za kututosha kisiwa kizima."

Wa pili alinitaka nirudie kwa sauti, eti mkewe jikoni hakusikia nimekuja kuomba nini. Wa tatu alinipimia kwa kijiko. Wa nne alinipa bila neno, akacheka nilipogeuka. Wa tano, mzee mmoja mkali, alisema kwa niaba ya wote: "Hatukupi, tunakukopesha. Msimu wa papa ukifika, kila mtu umrudishie yake, tena safi."

Mjomba alizikalafati buti zangu kama mashua. Alishindilia nyuzi za pamba kwenye mshono kwa patasi ndogo, akazipaka sifa mara tatu, akazianika kivulini. Kisha akakata tanga kuukuu, akashonea juu ya kila buti mkono wa kitambaa uliopanda mpaka juu ya goti, nao akaupaka. "Ulikuwa unaziba pande zote," akaniambia, "na huku juu umeacha mlango wazi."

Tangu siku hiyo paka wa nyumba tatu walinisindikiza kazini. Msikitini watu waliondoa makubadhi yao karibu na buti zangu. Mzungu wangu, nilipokwenda Kibiti kupeleka taarifa, aliipokelea dirishani. Lakini ngozi ililainika kama ya mkoba wa zamani, malengelenge yakapona, na nilitembea Kibiti hadi Ikwiriri siku moja bila kukumbuka kwamba nina miguu. Mhindi angeona alichoniuzia angeongeza bei.

Masika yakaisha. Nikavuka mkondo. Maji yalifika magotini, tope likavuta, nikavuta, nikatoka ng'ambo huku kisiwa kizima kikitazama. Nikakaa juu ya ubavu wa mtumbwi, nikavua. Mjomba akaibonyeza soksi.

"Mbichi," akasema.

Watu wakaanza kucheka.

"Hilo jasho, Mjomba."

"Maji." Akalamba kidole. "Ina chumvi."

"Jasho lina chumvi."

"Na mkondo una chumvi."

Hapo ndipo elimu ilipofanya kazi yake. Nilichovya leso yangu kwenye mkondo, nikaikamua, nikaitandika juu ya mtumbwi kando ya soksi. Leso ilikuwa imegeuka rangi ya tope. Soksi ilikuwa nyeupe kama nilivyoivaa asubuhi. Mjomba alitazama hiki, akatazama kile, akavinusa vyote viwili, na kwa hilo nilimhurumia.

"Ni jasho," akasema mwishowe. "Tena la mtu mwoga."

Nikaanza kufunga kamba zangu, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda. Mwaka uliofuata walipanda kwa mistari, Mjomba akiwa wa kwanza. Mistari yake ilipinda kama mikondo ya delta, lakini ilikuwa mistari, nami niliiandika hivyo kwenye taarifa. Buti nilizivaa miaka kumi na moja, soli nikibadilisha, ngozi ikiwa ileile.

Msimu wa papa ulipofika nilinunua maini kwa wavuvi, nikayayeyusha mwenyewe nyuma ya nyumba, katika sufuria ambayo mama hakuitaka tena. Nikayachuja kwa kitambaa mara tatu, kama tulivyofundishwa kuchuja vitu chuoni. Nikajaza chupa tano mpaka shingoni, ingawa hakuna aliyekuwa amenikopesha kiasi hicho, na asubuhi moja nikazunguka kuzirudisha. Wa mwisho alikuwa yule mzee mkali. Alizibua chupa, akanusa, akadondosha tone kiganjani na kulisugua kwa kidole gumba mpaka likakauka.

"Hii nzuri kuliko niliyokukopesha," akasema.

Nikamwambia najua.