Kisonono cha Sabuni

Jumamosi usiku Chishimba, mchomelea vyuma wa Kitwe aliyezoea kujitungia hofu tangu utotoni, alilala kwa Thandiwe, mpenzi wake mpya. Kondomu alivaa. Jumapili aliimba kanisani kwa furaha hadi kiongozi wa kwaya akageuka kumtazama. Jumatatu akaanza kuwashwa.

Akaingia kwenye simu kusoma, na kila ugonjwa alioukuta akauona mwilini mwake. Kufika Jumanne alikuwa na kaswende, kisonono, na mwingine ambao hata jina hakuweza kulitamka. Alijikagua kwa kioo cha kunyolea, kisha kwa tochi. Jumatano upele ukatoka, mwekundu kama nyanya. Thandiwe akipiga simu, hapokei.

Alhamisi akajikokota hadi zahanati, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Nesi, Mngoni wa makamo ambaye wote walimwita kwa heshima Ba Jere, akafungua daftari.

"Jina?"

"Mwansa."

"Mbona kadi yako inasema Chishimba?"

"Ndiye huyo huyo, Ba Sista."

"Ah, Mbemba! Nyinyi mnaokula nyani hamwishiwi vituko. Haya, unaumwa nini?"

"Afadhali nyani kuliko panya wenu," alijibu kwa mazoea ya utani wa makabila yao. Kisha akamwaga yote.

"Kondomu ilipasuka?"

"Hapana."

"Ilichomoka?"

"Hapana. Baadaye niliijaza maji nione kama inavuja. Haikuvuja hata tone."

Ba Jere akauma midomo asicheke. Akamkagua. "Hapa unajiosha kwa kitu gani?"

"Sabuni ya kufulia. Ile ya mche."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tisa. Jana kumi na moja."

Kalamu ikamponyoka. Alicheka mpaka akashika meza. "Baba wee, huumwi! Umejifua! Bado kukuanika tu!"

Alipotulia akampa mafuta ya kupaka, akamweleza kuwa kondomu ikivaliwa sawasawa inakinga sana, ingawa si kila kitu, kwa hiyo wapime leo na arudi baada ya miezi mitatu. Majibu yakatoka: salama.

Chishimba alitoka akimpa mkono kila aliyekaa kwenye benchi, tena akamkumbatia kabisa mlinzi. Hapo hapo akampigia Thandiwe.

"Siku tano kimya!" Thandiwe akafoka. "Una mke, sema!"

"Sina mke. Nilikuwa najifua."

Alipomsimulia, upande wa pili kikapasuka kicheko kikali hadi akaiondoa simu sikioni.

"Yaani ulidhani mimi ndiye niliyekupa?"

"Nisamehe, mama. Akili ilinihama."

"Nisikudanganye, na mimi jana nilikwenda kupima. Uliponyamaza nikajua huyu ana siri. Niko salama."

Sasa wakacheka wote, Chishimba akiwa amechuchumaa kando ya barabara, machozi yanamtoka, wapita njia wanamkwepa.

Miezi mitatu baadaye walikwenda pamoja, wameshikana mikono. Ba Jere alipowaona mlangoni akamwita mwenzake: "Njoo haraka, yule aliyejifua kaja na mpenzi wake!"